Mlango Niliompimia Mgeni

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sikuwa na homa, sikuwa na njaa, wala haukuwa mwezi wa Ramadhani useme saumu ilinipanda kichwani. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, na mimi nina akili zangu timamu, hizi hizi ninazoshonea nguo za watu hapa Likoni mwaka nenda mwaka rudi. Fundi wa nguo akikosea kipimo hutupiwa gauni usoni, kwa hiyo nimezoea kutazama kitu mara mbili kabla ya kukisema. Hiki nilikitazama zaidi ya mara mbili. Ukitaka kucheka, cheka, lakini unisikize mpaka mwisho.

Mambo yalianza na shamba. Mama yangu, Mungu amrehemu, alilima kipande cha ardhi huko ndani, upande wa Shika Adabu, tangu mimi mdogo mpaka siku aliposhindwa kuinua jembe. Kunde, pojo, muhogo, mahindi kidogo. Alipofariki, mwenye kauli juu ya kile kipande akawa ndugu yake, Mjomba Hamisi, kwani ardhi ni ya ukoo na karatasi yake ni ulimi wa wazee. Kwa muda hakuna aliyelijali shamba lile. Kisha ikafunguliwa ile barabara mpya ya Dongo Kundu, na watu ambao hawakuijua hata njia ya kwenda huko wakaanza kuota mashamba ya babu zao.

Mmoja wao alikuwa Salim, mtoto wa Mjomba. Alileta tajiri mmoja kutoka Changamwe aliyetaka uwanja wa kuegesha malori. Nilipopata habari nilikwenda kwa Mjomba nikalia mbele yake, tena si kilio cha adabu, nililia mpaka kamasi. Nikipita kwenye yale matuta bado namwona mama ameinama, leso kaifunga kiunoni. Leo malori yaje yamwage oili pale pale? Nilimwambia Mjomba, heri nife mimi kwanza.

Mjomba Hamisi ni mtu mrefu, mkimya, mgongo unamsumbua, na kelele hazipendi. Akajiegemeza ukutani kuupumzisha mgongo. Kisha akasema, "Mwanangu, shamba halilindwi kwa machozi. Shamba lenye mwenyewe lina pa kuwekea mavuno. Jenga stoo. Mvua ya kwanza ikishanyesha nitakuja kutazama. Nikiikuta imesimama na ndani pakavu, shamba ni lako, na Salim hatatia neno. Nikikuta matope, usinilaumu."

"Inshallah, Mjomba."

"Iwe inshallah ya kweli," akasema. "Isiwe ya fundi."

Mjomba alijua anachokisema. Nilimtafuta fundi wa kwanza, akaniambia kesho inshallah. Kesho yake simu imezimwa. Wa pili alikuja, akazunguka uwanja, akatikisa kichwa kama daktari, akaomba nauli, akaenda zake. Wa tatu sitaki hata kumtaja. Nami hasira zangu ziko karibu, huo ndio ukweli. Nikasema basi, mimi hukata hariri ya bibi harusi bila mkono kutetemeka, nitashindwa kukata fito? Stoo ni nini? Ni nguzo, kuta, paa na mlango. Hata gauni lina mabega, mbavu na shingo.

Nikanunua boriti na fito, nikazipeleka kwa mkokoteni, makuti nikayaagiza kwa watu wa huko huko. Nikachukua futi yangu ya kushonea na chaki yangu ya bluu, nikafunga cherehani, nikabandika karatasi mlangoni: Fundi yuko shamba. Jirani wa shamba letu ni mama mmoja wa Kiduruma aitwaye Mama Kadzo, mtu wa kanisa, mcheshi, anayelima ng'ambo ya kijia. Aliponiona napima mashimo kwa futi ya nguo alishika mbavu. "Dada, hiyo ni stoo ama unaishonea buibui?" Nikamwambia ngoja, utakuja kuiomba uweke mahindi yako.

Nguzo nilizichimbia mwenyewe. Fito za kuta nilizifunga mwenyewe kwa kamba ya makumbi, vidole vikachubuka, nikazitazama kazi zangu nikajisifu maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu. Udongo nikaukanda kwa miguu, nikakandika kuta tatu, ule wa mbele nikauacha mpaka nijue mlango utakaa vipi. Lakini ilipofika ile boriti ndefu ya juu kabisa, ile inayobeba paa zima, nikakwama. Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Nilijaribu kwa kamba, nikajaribu kwa ngazi, nikaitukana ile boriti matusi ambayo mama angenipigia. Mama Kadzo siku hiyo alikuwa amepeleka muhogo sokoni. Na kule baharini wingu lilikuwa linajikusanya, jeusi, bila haraka. Nikakaa chini katikati ya zile nguzo, nikashika kichwa.

"Hodi."

Sasa hapa nakuuliza wewe. Nani apigaye hodi shambani? Paa hakuna, mlango hakuna, mbele ni wazi, uwanja mtupu ambao hata kuku wa watu hupita bila kuomba ruhusa. Lakini sisi watu wa pwani tukisikia hodi, mdomo hujibu kabla ya akili. Nikasema, "Karibu."

"Nimekaribia," akajibu, na sauti ilikuwa nyuma yangu, karibu kuliko nilivyotazamia.

Nikageuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kooni, kikoi, na miguuni mabuti ya mpira, yale wanayovaa wachimba mitaro. Uso wa heshima. Akanisalimia vizuri, akaniuliza hali, akauliza hali ya watu wangu, taratibu, kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Kiswahili chake kilikuwa cha kizee, cha mbali, kama kile cha bibi yangu. Nikamuuliza, "Kaka, wewe ni wa wapi?"

"Wa papa hapa. Mimi ni jirani."

"Jirani wa nani? Majirani wa hapa nawajua wote."

Akacheka kidogo. "Wanaojua majirani wote ni wachache." Kisha akaitazama ile boriti. "Shika ncha hiyo. Mimi nitashika hii."

Naam, moyoni nilishaanza kuhesabu. Nani asiyezijua habari za saa za mchana, jua likisimama utosini, watoto wanapoitwa ndani? Nikasema nimchunguze. Kwanza kivuli. Tumeambiwa tangu utoto kwamba wale hawana kivuli. Nikatazama chini: hana. Nikasema, nimemkamata. Kisha nikajitazama mimi mwenyewe: sina! Ulikuwa ule msimu wa kabla ya masika, jua liko juu ya kichwa sawasawa, hata nguzo zangu hazikuwa na kivuli cha kutosha kulaza mjusi. Ushahidi gani huo?

Nikasema basi miguu. Hao wana kwato, au nyayo za punda. Lakini mabuti! Nikamwambia, "Kaka, joto lote hili na mabuti? Yavue upumzishe miguu." Akasema, "Shambani mna nyoka, dada." Ni kweli, mna nyoka, hata mimi nilivaa viatu vya kufunika.

Nikatoa muhogo wangu wa kuchemsha, nikaunyunyizia chumvi makusudi, tena nyingi, kwani tunavyosikia chumvi hawaigusi. Nikamkaribisha. Akauangalia muhogo, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Ahsante, lakini chumvi nimekatazwa."

"Nani kakukataza?"

"Si presha hizi?"

Hebu niambie, hapo ungesema nini? Nusu ya Likoni imekatazwa chumvi.

Likabaki moja. Nikainuka, nikashika ncha ya boriti, nikasema kwa sauti, "Bismillahi," nikasubiri atoweke. Naye akaitikia, "Rahmani Rahimi," akainua upande wake kama anainua ufagio, na ile boriti ikakaa mahali pake, taratibu, kama iliyozaliwa pale. Baadaye nilikumbuka kwamba hata wao wana dini zao, na Waislamu wamo, tena huenda wanaswali kuliko mimi.

Basi tukafanya kazi. Alikuwa mtu wa kazi, hilo siwezi kumnyima. Tuliezeka upande mmoja wa paa, yeye ananipokeza makuti, mimi nafunga. Na mimi, badala ya kuogopa, nikawa na hamu tu ya kumjua. Niliuliza hili na lile. Una mke? Akasema nyumba yake imejaa. Unafanya kazi gani? Akasema anaweka vitu. Vitu gani? "Vya watu wanaovisahau." Nikacheka nikamwambia basi wewe ni kama mimi, maana kule dukani kwangu nina magauni ambayo wenyewe wameyatelekeza. Jambo hilo lilimfurahisha sana. Jua lilipoanza kuinama nilipanda ngazi kufunga kuti, niliposhuka hayuko. Nikasema kaenda kuswali adhuhuri.

Kesho yake, saa ile ile, hodi. Nikasema karibu tena. Ningefanyaje, nimfukuze mtu aliyenisaidia? Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Na wingu la siku hiyo lilikuwa limeshafika juu ya minazi. Upepo umebadilika, una harufu ya mvua. Tulikuwa na upande wa pili wa paa na mlango. Mlango tu, nami niokoe shamba la mama.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na adabu, ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi ni mfupi. Ningeupima mlango kwa kimo changu, Mjomba angelazimika kuinama, na mgongo wake ule. Mzee aje kukukagulia kazi yako uanze kumwinamisha mlangoni? Haiwezekani. Nikamtazama yule mgeni, nikaona kimo chake na cha Mjomba ni kimoja. Nikatoa futi shingoni, nikamwambia kama ninavyomwambia mteja, "Kaka, simama hapa penye nguzo, jinyooshe, nikupime nijue kizingiti cha juu kikae wapi."

Akaniuliza, "Unipime mimi?"

"Wewe. Kuna mwingine hapa?"

"Na humo ndani utaweka nini?"

"Mahindi, mbegu za kunde, majembe. Vitu vya shamba."

"Pembe moja haitabaki?"

"Itabaki."

"Mimi nami nina vyangu, nimekosa pa kuviweka tangu walipoanza kuchimba barabara."

Nikamfanyia mzaha. "Vilete, mradi isiwe bangi." Wallahi ndivyo nilivyosema. Mdomo huu!

Akasimama penye nguzo. Nikapanda kigogo, nikatia alama ya chaki juu ya kichwa chake, kimsalaba kidogo, hivi ninavyotia alama kwenye kitambaa. Kisha, mazoea ni mabaya, mkono ukateremka begani. Fundi akimpima mtu hutafuta mshono wa bega, ndipo ajue mkono wa shati unaanzia wapi. Nikautafuta mshono kwa kidole. Sikuupata. Nikateremka ubavuni. Hapana. Kwapani, hapana. Kola ilitoka shingoni, mikono ilitoka mabegani, vifungo viko mahali pake, na shati zima halikuwa na mshono hata mmoja. Halikukatwa. Halikushonwa. Limeota tu juu yake, kama ganda juu ya hindi.

Mkono wangu ukabaki pale pale. Yeye hakusogea. Akasema, bila kugeuza uso, "Umeona."

Nikasema, "Nimeona."

"Basi tufunge kizingiti. Mvua inakuja."

Ungekuwa wewe ungekimbia, najua. Kila ninayemsimulia hunijibu hivyo, angekimbia aache hata viatu. Nami miguu ilitaka. Nililitazama lile wingu, nikalitazama paa langu lenye nusu ya makuti, nikayaona malori yamepangana juu ya matuta ya mama. Sitakuficha: niliogopa, lakini niliogopa kulikosa lile shamba kuliko nilivyomwogopa yeye. Nikamwambia, "Nipe hiyo kamba."

Tukafunga kizingiti penye alama yake. Tukaezeka mpaka kuti la mwisho. Ule ukuta wa mbele tukaukandika pamoja, na udongo mikononi mwake haukushika. Ulitoka chini ukabaki ukutani. Nilipogeuka kuosha mikono kwenye ndoo, aliondoka, na tone la kwanza likanipiga kichwani.

Ilinyesha hiyo mvua! Ilinyesha nikiwa ndani ya stoo yangu, nimejibanza, sina pengine pa kukimbilia. Hakuna hata tone lililopita. Ilipotulia, Mama Kadzo akaja mbio kuniangalia. Nikamuuliza kwa mbali, kama mzaha, kama alimwona yule mtu aliyenisaidia. Akasema, "Mtu gani? Nilikuona unacheka na kuongea, nikajua una simu masikioni. Ile boriti ndiyo iliyonishangaza. Niliporudi sokoni niliinama kung'oa magugu, kuinuka iko juu."

Baada ya mvua zile Mjomba akaja kama alivyoahidi, na Salim naye akaja, na yule tajiri wa malori nyuma yao, viatu vyake vyeupe vimejaa tope. Nilikuwa nimeshaingiza mbegu zangu na majembe. Nikampokea Mjomba, "Shikamoo Mjomba," akaitika, akaizunguka stoo polepole, akagonga nguzo, akatikisa ukuta. Niliona amependezwa, ingawa uso wake hausemi. Kisha akafika mlangoni, akainua mkono, akagusa kizingiti. Mkono ukakaa hapo.

"Mlango huu umempimia nani?"

"Wewe Mjomba, usije ukainama."

"Mimi hukunipima."

"Nilimpima mtu wa kimo chako."

"Mtu gani?"

Nikajishughulisha na tope la viatu vyangu. Mjomba akaushusha mkono. Akasema, si kwa ukali, kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko ukali, "Mama yako hakukwambia? Wazee wetu, kizingiti kilipimiwa mwenye nyumba. Anaitwa, anasimama pale, hata kama ni kitoto ndicho kilichorithi. Wengine wote wataingia, lakini mlango humjua mmoja. Sasa wewe umejenga, na mlango umempa mtu."

Salim akaangua kicheko. "Baba, mambo gani hayo ya kale? Turogwe na makuti sasa?" Akampungia mkono yule tajiri wake, akasema, "Twende ndani tukaone hilo jumba," akaingia.

Salim ni mfupi. Nakwambia, ni mfupi hata kwangu mimi, na kizingiti kile kilikuwa juu ya kichwa chake kiasi cha mkono mzima. Tulimwona sote, Mjomba, tajiri na mimi. Aliingia wima, na kile kizingiti kikampiga kipaji cha uso. Kilisikika, ko! Akarudi kinyumenyume akaketi kwenye tope, damu inamtoka, akakiangalia kule juu, akatuangalia sisi. Ghafla simu ya yule tajiri ikawa na shughuli muhimu sana, akaondoka nayo sikioni mpaka kwenye gari, na siamini ilikuwa imelia.

Mjomba akanigeukia. "Piga hodi."

"Mjomba, ni stoo yangu..."

"Piga hodi, mwanangu."

Nikasimama mbele ya mlango nilioujenga kwa vidole hivi vilivyochubuka, nikasema, "Hodi."

Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mbegu na majembe. Mtu hakuwamo. Na sauti ikajibu, kwa upole ule ule, Kiswahili kile kile cha kizee, "Karibu."

Salim akaenda zake. Sijui alipita wapi. Mjomba akavua viatu vyake, akaingia bila kuinama, nikamfuata. Akapapasa sakafu, akapapasa kuta. "Pakavu," akasema. Kisha akanionyesha kwa kidole. Pembe ile ya mbali, niliyoiacha wazi, sakafu ilikuwa imebonyea. Alama za magunia, mviringo kwa mviringo, zimepangwa vizuri kama wapangavyo watu wa bandarini, zimezama udongoni kwa uzito. Magunia yenyewe hayakuwepo. Nikapitisha mkono juu yake, ukapita hewani.

Tulipotoka Mjomba akakaa kwenye jiwe kuvaa viatu, akachukua muda mrefu. Mwishowe akasema, "Shamba nimekupa. Umejenga, pakavu, neno langu ni lile. Hakuna atakayelinunua tena, hata ukilitangaza. Lakini stoo si yangu kukupa." Akainuka, akanishika bega, akaenda zake.

Nilifurahi? Nililia, tena kwa furaha kweli. Shamba la mama ni langu, kunde zake zimeota mahali pake pale pale, na Salim tukikutana kivukoni hunisalimia kwa heshima ambayo hajawahi kuwa nayo, kovu lake usoni. Siwezi kusema kwamba nimedhulumiwa.

Ila nimekuwa mpangaji kwenye stoo yangu. Siingii bila hodi. Siku nikisahau, jembe nililoliweka mbele yangu silioni, nahangaika mpaka nitoke, nipige hodi, niitikiwe, nirudi nilikute pale pale. Panya hawagusi kitu mle. Fukusi hamna, mbegu zangu zinaota kuliko za wote, Mama Kadzo huniuliza dawa gani natia. Namjibu dua. Lakini zile alama zinaongezeka. Kila nikivuna na kurudi kuweka, naikuta safu mpya imebonyea, na magunia yangu yamesogezwa, kwa adabu, hayakumwagwa, yamesogezwa tu kuelekea mlangoni. Pembe moja ikawa upande mzima. Upande mzima ukawa stoo yote. Siku hizi changu hukaa kwenye kizingiti cha chini, nusu ndani nusu nje. Vitu gani hivyo jamani? Vya nani? Usiku nikishona huwaza hilo tu. Watu wamesahau nini, kizito hivyo, kingi hivyo?

Mwaka huu nimevuna mahindi kuliko yote aliyowahi kuvuna mama. Pa kuyaweka sina. Mama Kadzo ana kijibanda chake, kinavuja. Kwa hiyo nikaamua kujenga stoo ya pili, upande wa pili wa shamba, mbali na ile. Safari hii nikajipima mwenyewe. Nikasimama penye nguzo, nikajiwekea alama juu ya kichwa changu mfupi, kimsalaba cha chaki ya bluu, nikasema kwa sauti mlango huu ni wangu mimi, asikiaye asikie. Nikaitia chaki mfukoni, nikaenda kuchukua kamba chini ya mwembe.

Niliporudi kulikuwa na alama mbili. Yangu, na nyingine juu yake, juu sana, kimsalaba kidogo cha bluu kinachong'aa, kipya. Nikatia mkono mfukoni. Chaki ilikuwamo. Nikatazama chini, na jua lilikuwa utosini, sina kivuli.

"Hodi," akasema nyuma yangu.

Wallahi, maishani mwangu sijawahi kumnyima mtu karibu. Sikulelewa hivyo. Nilisimama nimeuziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yananitoka, si kwa woga tu, kwa aibu pia, kwani yule mtu hajanifanyia baya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, kama inavyotakiwa. Kisha akanyamaza, akaenda, kama inavyotakiwa.

Basi sikiliza nikwambie, wewe unayetaka kujenga kibanda chako shambani. Mlango jipime mwenyewe, hata ukiwa kibeti, wageni na wainame. Na ukisikia hodi mahali pasipo mlango, ukitafute kwanza kivuli, uutafute mshono, na ukikosa vyote, jifanye huna ulimi. Usifanye kama mimi.

Kwani zile nguzo bado zimesimama, boriti ya juu iko chini, sijaweza kuiinua peke yangu. Mafundi wanasema kesho inshallah. Mahindi yangu yako nje chini ya turubai, na tangu asubuhi wingu limesimama juu ya bahari. Kesho mchana nitakuwa kule. Najijua mimi. Akipiga hodi, nitaitika.